Somo la Mwezi: Mbuyu Ukisimama Una Faida Gani?

Mnamo Novemba 2022, picha za mibuyu iliyong'olewa na mizizi yake hapa Kilifi zilienea nchini kote na hata nje. Miti hiyo ilikuwa isafirishwe hadi Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi, ikapandwe huko. Rais William Ruto aliiagiza Wizara ya Mazingira ichunguze iwapo kibali kilichotolewa kilizingatia Mkataba wa Bayoanuwai na Itifaki ya Nagoya. Itifaki hiyo ilipitishwa mwaka 2010 na inataka jamii zilizotunza mimea na viumbe zipate mgao wa haki pale rasilimali hizo zinapotumiwa na wengine.

Mjadala ulikuwa mkali. Wapo waliowalaumu wenye mashamba kwa kuuza urithi. Lakini swali moja lilipita bila kujibiwa: mwenye shamba alipoonyeshwa pesa, alikuwa akizilinganisha na nini? Kwa familia nyingi mbuyu ni mti uliochukua nafasi ya mahindi. Hautoi mbao, maana kuni yake ni laini kama sponji na imejaa maji. Hautoi makaa ya maana. Mzee wa boma anaweza kuutazama miaka arobaini asione senti, huku watoto wake wakinunua pakiti za mabuyu mjini kwa bei ya juu kuliko alivyouza gunia zima kwa dalali.

Somo hili ni kwa ajili ya huyo mwenye shamba, na kwa mama anayetafuta cha kuongeza kwenye uji wa watoto. Tutauangalia mti wenyewe, tutafungua buyu tuone kilichomo, tutaingia jikoni, kisha tutapiga hesabu.

MTI WENYEWE

Jina la kitaalamu la mbuyu wetu ni Adansonia digitata. Sehemu ya kwanza inamkumbuka Michel Adanson, Mfaransa aliyeuchunguza mti huu nchini Senegal katikati ya karne ya 18. Sehemu ya pili inahusu majani yake yaliyotawanyika kama vidole vya mkono. Wakamba huuita mwamba. Unapatikana katika sehemu nyingi kavu za Afrika kusini mwa Sahara. Hapa Kenya umejaa ukanda wa Pwani na kupanda juu kufuata barabara ya Nairobi hadi Kibwezi na Kitui. Atokaye Mombasa kwa basi huwaona akina mama wa Mtito Andei wakiuza mabuyu kando ya barabara.

Umri wake huzua ubishi kila mahali. Shina la mbuyu halina miviringo ya kuaminika ya kuhesabu miaka kama miti mingine, na mara nyingi katikati huwa wazi, hivyo wanasayansi hutumia kipimo cha kaboni. Mbuyu mmoja wa Zimbabwe ulioitwa Panke ulipimwa ukapatikana kuwa na takriban miaka 2,450 kabla haujafa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa mingi ya mibuyu mikongwe zaidi kusini mwa Afrika imekufa, yote au sehemu, tangu mwaka 2005, na watafiti walishuku mabadiliko ya tabianchi. Mibuyu ya magofu ya Gedi na ile ya Mama Ngina kule Mombasa haifikii umri huo, lakini imewaona watu wengi wakija na kuondoka.

Maua yake ni makubwa, meupe, yanayoning'inia, nayo hufunguka magharibi jua likizama. Asubuhi yameanza kunyauka na baada ya muda mfupi yameanguka chini, mbuzi wanayala. Katika usiku huo mmoja, anayefanya kazi ya kuchavusha ni popo anayekula matunda na nekta. Hapa panahitaji kusemwa wazi: mtu anayewachoma moto popo kwa sababu wanamkera kwenye paa anapunguza mabuyu ya kijiji kizima. Kuwaziba wasiingie darini ni sawa. Kuwaua ni hasara.

Wengi pia husema kuna mbuyu dume na mbuyu jike, kwa kuwa mmoja huzaa sana na jirani yake hauzai. Ukweli ni kwamba kila ua la mbuyu lina sehemu za kiume na za kike pamoja. Tatizo ni kuwa mbuyu haukubali vizuri chavua yake wenyewe, unataka ya mti mwingine, na pia miti hutofautiana sana kwa asili katika uzazi. Kwa hiyo kabla hujaukata "mbuyu dume" ulio peke yake shambani, kumbuka kwamba huenda chavua yake ndiyo inayouzalisha mti wa jirani.

KILICHOMO NDANI YA BUYU

Buyu huchukua kama miezi mitano hadi sita kukomaa. Lina ganda gumu lenye manyoya laini ya rangi ya kahawia iliyopauka. Ndani kuna mbegu nyeusi zilizozungukwa na ubuyu mweupe au wa rangi ya krimu, mchachu, uliofungwa kwa nyuzi nyekundu. Jambo la ajabu ni kwamba ubuyu huo hukauka wenyewe ndani ya ganda ukiwa bado mtini. Embe lataka kikaushio au jua la siku kadhaa. Buyu limeshamaliza kazi hiyo kabla hujalifikia. Ndiyo maana tunda hili hukaa miezi mingi bila jokofu, na ndiyo maana lilikuwa chakula cha kiangazi kwa wazee wetu.

Ubuyu una vitamini C kwa wingi. Kiasi hutofautiana sana kati ya mti na mti, ila vipimo vingi huonyesha miligramu 150 hadi 300 katika gramu 100 za unga, na baadhi hupita hapo. Chungwa lina kama miligramu 50 kwa gramu 100. Ni kweli kwamba hakuna anayekula gramu 100 za unga mkavu kwa mkao mmoja, kwa hiyo tusidanganyane kwamba kijiko kimoja kinashinda machungwa matatu. Lakini vijiko viwili vya chakula kwenye kikombe cha uji ni mchango halisi. Ubuyu una pia kalsiamu nyingi, takriban miligramu 300 kwa gramu 100, na karibu nusu ya uzito wake ni nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo kufanya kazi.

Faida nyingine haionekani kwa macho. Vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye vyakula vya mimea kama maharagwe, kunde, mchicha na wimbi. Familia isiyoweza kununua nyama kila wiki inaweza kupata chuma zaidi kutoka kwenye kunde zile zile ikiwa mlo utaandamana na kinywaji cha ubuyu. Chai ya rangi pamoja na mlo hufanya kinyume chake, kwani huzuia chuma hicho.

KUVUNA NA KUTOA UNGA

Angua kwa upondo mrefu wenye ndoana, au okota yaliyoanguka siku hiyo hiyo. Desturi ya kupigilia vigingi kwenye shina ili kupanda inaumiza mti na imewaangusha watu. Buyu lililokomaa ni jepesi kuliko linavyoonekana, na ukilitikisa hutoa mlio wa mbegu. Likague ganda. Lenye ufa au tundu la mdudu huingiza unyevu, na unyevu huleta kuvu. Ukilivunja ukakuta ubuyu umegeuka kijivu, mweusi, au una harufu ya uvundo, litupe lote. Usichague sehemu nzuri. Sumu ya kuvu haionekani na haiondoki kwa kuongeza sukari.

Manyoya ya ganda huwasha ngozi na koo, kwa hiyo yasugue kwa kitambaa kibichi nje ya nyumba kabla ya kuvunja, na funika pua. Vunja juu ya turubai safi au meza, si kwenye mchanga. Toa nyuzi. Tia vipande kwenye kinu kikavu na twanga polepole kwa mchi, lengo likiwa kutenganisha unga na mbegu bila kuzivunja mbegu. Chekecha kwa ungo, kisha kwa chekecheo laini. Hifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko kinachobana, mbali na jua. Unga wa ubuyu hunyonya unyevu wa hewa ya Pwani haraka sana. Ukiacha wazi usiku mmoja karibu na bahari utaukuta umeshikana mabonge.

JIKONI

Kinywaji cha ubuyu ndicho rahisi kuliko vyote. Chukua kikombe kimoja cha mbegu zenye ubuyu wake na vikombe vinne vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Loweka nusu saa hadi saa moja, koroga kwa mwiko hadi mbegu ziachie, chuja. Ongeza maji kama ni mzito. Usichemshe kinywaji chenyewe, kwani joto huharibu vitamini C. Maji ndiyo ya kuchemshwa, tena kabla. Wengine hutia tui la nazi au maziwa baridi na kunusia iliki. Uchachu wa ubuyu hukatisha maziwa, hivyo tia maziwa mwisho kabisa, yakiwa baridi, na unywe mara moja. Sukari iwe kidogo. Ukitia nusu kikombe cha sukari kwa jagi umetengeneza soda ya kienyeji.

Kwa uji, subiri uive, ipua, uache upoe kiasi cha kuweza kunyweka, ndipo ukoroge vijiko viwili vya unga wa ubuyu. Uji unapata ukali kama wa ndimu na hauhitaji sukari nyingi. Hii ni kwa mtoto aliyekwisha kuanza kula. Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama pekee.

Kwenye mchuzi wa samaki, ubuyu hufanya kazi ya ukwaju au ndimu. Loweka vijiko vitatu kwenye maji kidogo, chuja, mimina mchuzi ukikaribia kuiva. Huufanya uwe mzito pia, maana una pektini, kitu kile kile kinachofanya jamu ishikane. Wapishi wa jamu ya embe au papai wanaweza kujaribu unga kidogo wa ubuyu badala ya kununua kigandishio dukani.

Tukija kwa mabuyu yenyewe, yale mekundu ya kupakia kwenye vipakiti, kila nyumba ya Mji wa Kale ina kipimo chake na haitakuambia wote. Kipimo cha kuanzia ni hiki: vikombe vinne vya mbegu zenye ubuyu, vikombe viwili vya sukari, kikombe kimoja cha maji, kijiko cha chai cha iliki iliyosagwa, chumvi kidogo, pilipili ya unga kwa anayependa. Chemsha sukari na maji hadi shira ianze kuwa nzito na kunata kwenye kijiko. Tia rangi, iliki na pilipili. Punguza moto, mimina mbegu, geuza bila kuacha hadi shira izishike zote na kuanza kukauka. Tandaza kwenye sinia zipoe kabla ya kupakia, la sivyo mvuke utazilowesha ndani ya pakiti.

Hapa kwenye rangi ndipo biashara nyingi ndogo huharibikiwa. Rangi inayoruhusiwa ni ile ya chakula tu, iliyoandikwa hivyo kwenye kopo, yenye jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho. Rangi ya kutia ukili wa mikeka si chakula, hata kama wekundu wake unapendeza na bei yake ni ndogo. Anayeitumia anamlisha mtoto wa mwenzake kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya minyaa. Na kwa hakika rangi si lazima. Mabuyu meupe yenye iliki na pilipili yana wateja wake, hasa wazazi, na unaweza kuyauza kwa sababu hiyo hiyo. Tukumbuke vilevile kwamba mabuyu ya sukari ni peremende. Watoto wayafurahie, lakini lishe iko kwenye unga.

Majani machanga yanaliwa. Kaskazini mwa Nigeria Wahausa huyakausha na kuyasaga yawe kuka, unga wa kupikia supu ya miyan kuka. Senegal huuita lalo na huutia kwenye wali wa mtama. Hapa kwetu yanafaa kupikwa kama mboga nyingine za kienyeji, na huteleza kidogo kama bamia. Ila chuma matawi ya chini kwa kiasi, maana mti uliopukutishwa majani kila msimu hauwezi kulea matunda.

Mbegu nazo hazitupwi. Zikikaangwa hadi ganda lipasuke, kokwa ya ndani huliwa kama njugu, au husagwa kuwa kinywaji kinachofanana na kahawa. Kukaanga ni muhimu, kwani mbegu mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kutumia protini yake. Mafuta ya mbegu yana soko la vipodozi. Kwa kupaka ngozi na nywele hayana neno. Kwa kula, yale yaliyokamuliwa bila kusafishwa yana aina ya asidi za mafuta zisizofaa kuliwa kwa wingi, kwa hiyo mkamuaji wa nyumbani asiyauze kama mafuta ya kupikia.

HESABU YA GUNIA

Sasa tuje kwenye fedha, ambako ndiko mti huu unakosolewa. Uzito wa buyu zima uko hasa kwenye ganda na mbegu. Unga ni kati ya asilimia 14 na 28 hivi. Ukiwa na kilo 50 za mabuyu mazima, tarajia unga wa kilo 7 hadi 14. Fanya zoezi hili kwa karatasi. Andika dalali anakupa kiasi gani kwa kilo 50 za mabuyu. Kisha nenda sokoni, Kilifi mjini, Malindi au Mariakani, uulize bei ya kilo moja ya unga safi wa ubuyu, na bei ya pakiti ndogo ya mabuyu, na pakiti hiyo ina gramu ngapi. Zidisha kwa kilo 7, ile hesabu ya chini, ili usijipe matumaini ya bure. Toa nauli, vifungashio, kuni na siku zako za kazi. Ukibaki na kidogo kuliko bei ya dalali, muuzie dalali bila aibu. Ukibaki na zaidi, umejua mahali pesa zako zilikuwa zikienda.

Soko la nje lipo pia. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kama chakula mwaka 2008, na Marekani ikafuata mwaka 2009. Tangu hapo unga huu huuzwa huko kama kirutubisho kwa bei ambayo mkulima wa Ganze akiisikia atadhani unatania. Wanunuzi hao, hata hivyo, wanataka wingi, usafi na ubora usiobadilika, jambo ambalo boma moja haliwezi. Kikundi cha wakulima ishirini wanaovuna kwa utaratibu mmoja na kukausha mahali pamoja kinaweza angalau kuanza mazungumzo.

Anayeuza unga au mabuyu yaliyopakiwa hapa nchini anahitaji cheti cha afya cha mshika chakula, kibali cha biashara cha kaunti, na kama bidhaa itaingia madukani na supamaketi, alama ya ubora ya KEBS. Pakiti iwe na jina la bidhaa, viungo, uzito, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hiyo uliza kwanza kifungashio gani kinaruhusiwa kabla ya kununua bando zima.

Baada ya hesabu hiyo ndipo tunaweza kurudi kwa mwenye shamba aliyeonyeshwa pesa za kung'oa mbuyu. Bei anayopewa ni ya mara moja. Alinganishe na mavuno ya mti ule ule kwa miaka kumi tu, achilia mbali uhai wake wote. Kuna mbuyu ambao hauzai hata debe moja, na wenyewe ana haki ya kusema hivyo. Kuna mwingine unaozaa mamia. Mtu asiyejua wake uko upande gani hajawa tayari kujadili bei na yeyote.

KUPANDA MIPYA

Mswahili husema hata mbuyu ulianza kama mchicha. Msemo huo una ukweli ambao wakulima wengi hawaujui: mche wa mbuyu haufanani na mbuyu. Majani yake ya mwanzo ni jani moja moja la kawaida, hayana vidole vitano, ndiyo maana jembe huupitia pamoja na magugu. Unaobaki huliwa na mbuzi. Tembea kijijini kwako uhesabu mibuyu minene, kisha uhesabu miche midogo iliyo hai. Mahali pengi hesabu ya pili ni sifuri, maana yake tunakula urithi bila kuweka akiba.

Mbegu ina ganda gumu na hailali udongoni ikaota kwa urahisi. Ikwaruze kwa tupa au kisu upande mmoja, au imwagie maji yaliyochemka na kuiacha humo hadi kesho yake. Panda kwenye kifuko kirefu, kwa kuwa mzizi mkuu hushuka haraka na kunenepa kama karoti. Hamishia shambani mvua za masika zinapoanza, umbali wa mita kumi au zaidi kutoka kwenye nyumba na tangi la maji, kisha zungushia miiba kwa miaka ya mwanzo.

Mbuyu wa mbegu huweza kuchukua miaka kumi, ishirini na zaidi kuzaa, tena hakuna uhakika kwamba utafanana na mzazi. Njia ya mkato ni kupandikiza: kijiti kutoka mti uliojulikana kwa matunda mengi na matamu huunganishwa kwenye mche mchanga, na kusubiri kunapungua hadi miaka michache tu. Anayetaka kujifunza amwone afisa wa kilimo wa wadi yake. Aende na mabuyu mawili matatu kutoka kwenye mti anaoupenda, uzito wake ukiwa umeandikwa, pamoja na makisio ya mabuyu aliyovuna kwenye mti huo msimu uliopita. Mti wenyewe autie alama ya chokaa shinani ili vijiti vikienda kukatwa visikatwe kwenye mti wa jirani.